Jinsi ya Kumfuatilia Babu Mjerumani wa Pennsylvania: Anza na Shamba, Jeshi Lifuate

Mwaka 2009, shangwe za Kogelo zikiwa bado hazijapoa, wataalamu wa nasaba walitangaza kwamba Barack Obama, kwa upande wa mama yake, ana babu wa zamani aliyezaliwa Besigheim huko Württemberg. Aliitwa Johann Conrad Wölflin, akashuka Philadelphia mwaka 1750, na wajukuu wake wakaandikwa Wolfley. Babu mwingine wa upande huohuo, Christian Gutknecht, alitoka Bischwiller katika Alsace, na ukoo wake ukaishia kuitwa Goodnight. Kwa hiyo Mjaluo wa Siaya na Mjerumani wa karne ya 18 wanaweza kukutana kwenye mti mmoja wa ukoo, na siku hizi si kwa marais tu. Watu wetu wamejaa Lancaster na Philadelphia, wameoa na kuolewa huko. Mtoto akipewa kazi ya shule ya kuchora ukoo, upande wa Bukavu au Kisumu unampigia bibi simu jioni hiyohiyo. Upande wa pili mkwe anakwambia tu, "Sisi ni Wajerumani wa siku nyingi," na habari inaishia hapo.

Mwongozo huu ni wa upande huo wa pili. Nimeshika zaidi Pennsylvania, kwa sababu ndiko Wajerumani wengi wa enzi ya ukoloni wa Kiingereza walikoshukia, na kwa sababu nyaraka zake za ardhi zimehifadhiwa vizuri ajabu.

Karibu kila anayeanza kazi hii hukimbilia orodha za meli. Usifanye hivyo. Akina Johannes Müller walioingia Philadelphia ni wengi, na orodha ya meli haikwambii yupi ni wako. Shamba ni jambo lingine. Lina mipaka, lina majirani, lina mto upitao upande mmoja, na halihami. Ukishampata mtu wako juu ya kipande chake cha ardhi, ndipo utaweza kumtambua kwenye jeshi, kanisani na mwisho melini.

Kwanza, tayarisha majina na kaunti

Anza na walio hai, urudi nyuma kizazi baada ya kizazi kwa vyeti vya vifo, ndoa na sensa za kila miaka kumi, hadi ufike sensa ya kwanza ya Marekani ya mwaka 1790. Sensa hiyo inataja mkuu wa kaya peke yake, wengine ni hesabu tu. Hata hivyo inakupa kitu unachokihitaji sana, yaani kaunti.

Hapa watu hupotea. Kaunti za Pennsylvania zilikuwa zikikatwa na kukatwa tena. Mwanzoni, mwaka 1682, zilikuwa tatu: Philadelphia, Bucks na Chester. Lancaster ikazaliwa 1729, York 1749, Cumberland 1750, Berks na Northampton 1752. Familia inaweza kukaa kwenye nyumba ileile miaka arobaini huku nyaraka zake zikiwa katika kaunti tatu tofauti. Kabla ya kuomba chochote, andika kwenye karatasi: eneo hili mwaka fulani lilikuwa chini ya kaunti gani?

Kisha jina. Wavulana wengi wa Kijerumani walibatizwa majina mawili, la kwanza likiwa Johann kwa karibu wote, na lililotumika nyumbani likiwa la pili. Johann Georg ni Georg, na ndugu yake Johann Peter ni Peter. Usishangae kuona baba ana wana wanne wote Johann. Karani Mwingereza naye aliandika alichosikia: B ikawa P, D ikawa T, G ikawa K. Müller akawa Miller, Schneider akawa Snyder, Eisenhauer akawa Eisenhower. Wengine walitafsiriwa kabisa, Zimmermann akaitwa Carpenter na Schwarz akaitwa Black. Tengeneza orodha ya tahajia zote unazoweza kuziwazia na uibebe kila unakokwenda, kwa sababu fomu zote utakazojaza zitauliza jina, na ukiandika tahajia moja utajibiwa kuhusu tahajia hiyo moja.

Tarehe nazo zina mtego. Hadi 1752 Waingereza walihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi. Hati ya Februari 1740 kwa hesabu yao, kwetu ni Februari 1741. Ukisahau hili utamkuta mtu ananunua shamba kabla hajashuka melini.

Pili, rejista ya waranti

Ardhi ya Pennsylvania ilikuwa mali ya ukoo wa Penn, waliopewa na mfalme wa Uingereza. Hapo ni lazima niseme wazi kwamba kabla ya hati yoyote, ardhi hiyo ilikuwa ya Walenape na jamii nyingine za wenyeji. Mwaka 1737 wana wa Penn walidai mkataba wa zamani unawapa eneo ambalo mtu angetembea kwa siku moja na nusu, kisha wakaajiri wakimbiaji. Sehemu ya mashamba utakayoyakuta kwenye rejista yalipatikana kwa hila hiyo.

Mhamiaji aliyetaka shamba alipitia ngazi tano. Alipeleka ombi. Akapewa waranti, yaani amri ya kumtaka mpima ardhi akapime. Kisha upimaji wenyewe. Kisha marejesho, ambapo ofisi ilithibitisha kwamba shamba limepimwa na kulipiwa. Mwisho patenti, hati kamili ya umiliki. Kila ngazi iliacha karatasi yake, na zote ziko Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo la Pennsylvania mjini Harrisburg, kwenye kundi lenye namba RG-17.

Rejista za waranti, kuanzia 1733, zimewekwa kwenye tovuti ya hifadhi hiyo na kuzitazama ni bure. Zimepangwa kwa kaunti, halafu kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo, halafu kwa tarehe. Hakuna mpangilio wa alfabeti ndani ya herufi, kwa hiyo utasoma kurasa zote za M au za S. Zisome tu. Ndipo utakapokuta Miller, Millar na Muller wamefuatana, wengine ndugu.

Mstari mmoja wa rejista unastahili subira. Kushoto kuna namba ya waranti na jina. Halafu aina ya waranti, ekari zilizoombwa na tarehe. Upande wa kulia kuna tarehe ya marejesho, ekari zilizopatikana kweli, jina la aliyepewa patenti pamoja na kitabu na ukurasa wake, na mwisho kabisa kitabu cha upimaji na ukurasa. Nakili mstari wote ulivyo, hata usichokielewa, kwa sababu namba hizo ndizo utakazojaza kwenye ombi la nakala.

Sasa linganisha majina mawili, la aliyepewa waranti na la aliyepewa patenti. Yakifanana, mzee alimaliza kulipa mwenyewe. Yakitofautiana, furahi. Pengine waranti ilitoka 1750 na patenti ikaja miaka thelathini baadaye kwa jina la mwingine, na mara nyingi patenti ya namna hiyo inasimulia jinsi shamba lilivyopita mikononi: fulani alikufa bila wosia, akaacha watoto hawa na hawa, mmoja akawauzia wengine. Ni kikao cha mirathi kizima ndani ya aya moja.

Kwa nini wengi walichelewa? Bei. Kuanzia 1732 ekari 100 ziliuzwa pauni 15 na shilingi 10, juu yake kodi ndogo ya kila mwaka kwa wenye koloni. Mwaka 1765 bei ilishushwa hadi pauni 5 za Uingereza kwa ekari 100. Mhamiaji aliyekuja kwa mkopo wa nauli, ambaye alilazimika kwanza kumtumikia bwana miaka kadhaa kuulipa, hakuwa na fedha hizo. Akahamia tu msituni, akafyeka, akajenga, na waranti akaiomba baadaye. Ndiyo maana uisome waranti yenyewe na si rejista peke yake: nyingi zinasema riba ihesabiwe kuanzia mwaka ambao shamba lilianza kukaliwa. Waranti ya 1755 inayodai riba tangu Machi 1748 inakwambia mtu wako alishakuwa pale miaka saba.

Tatu, kuomba nakala za ardhi

Vitabu vingi vya upimaji navyo vimo mtandaoni, kwa hiyo tafuta huko kwanza. Kisichokuwemo, au unachotaka kikiwa kimethibitishwa kwa muhuri, utakiomba Harrisburg. Ombi zuri ni fupi. Taja kaunti ya wakati ule, jina kama lilivyoandikwa kwenye rejista (si kama ukoo unavyoliandika leo), namba na tarehe ya waranti, kitabu na ukurasa wa upimaji, kitabu na ukurasa wa patenti. Sema unataka karatasi zipi. Barua ya "naomba taarifa zote za familia yangu" haina msaada. Mtunza nyaraka hafanyi utafiti kwa niaba yako, anatoa karatasi uliyoitaja. Ada hubadilika, kwa hiyo soma bei kwenye tovuti siku unayotuma.

Ramani ya upimaji ikifika, usiiangalie kama picha. Ni umbo lenye pembe nyingi, na kwenye kila pembe mpima ameandika alama aliyoikuta: mwaloni mweupe, mwaloni mweusi, mti wa hikori, rundo la mawe. Kwenye kila mstari kuna mwelekeo wa dira na urefu kwa perchi. Perchi moja ni futi 16 na nusu, na perchi za mraba 160 ni ekari moja. Mara nyingi kuna nyongeza ya asilimia 6 kwa ajili ya barabara, ndiyo maana hesabu yako inaweza kutofautiana kidogo na ya mpima. Lakini hazina iko nje ya mistari, yalikoandikwa majina ya majirani. Wahamiaji walikaa kwa vikundi, wa kijiji kimoja pamoja, mkwe karibu na mkwe. Jirani wa mashariki mara nyingi ndiye baba wa mke ambaye jina lake la kuzaliwa hujalijua.

Ukimaliza na jimbo, nenda kwa kaunti. Kuanzia patenti na kuendelea, mauzo ya mtu kwa mtu yako kwa msajili wa hati kwenye mahakama ya kaunti, na wosia uko ofisi ya mirathi palepale. Tafuta pia orodha za kodi. Zinatenganisha mwenye shamba, mpangaji, na kijana mseja aliyejitegemea. Kijana akitoka safu ya waseja mwaka huu na mwakani akaonekana na kaya, umepata takriban mwaka wa ndoa.

Kama babu hakupitia Pennsylvania, njia ni ileile ila ofisi tofauti. Kwa Virginia, Maktaba ya Virginia mjini Richmond ndiyo yenye hati za ardhi, zikiwemo za eneo la Northern Neck lililofika hadi bonde la Shenandoah. Kwa New York, Wajerumani waliofika mwaka 1710 wako kwenye hesabu za chakula alizoweka Gavana Hunter.

Nne, jeshi

Sasa una mtu mwenye mahali. Shika hilo, maana kwenye orodha za jeshi majina yanafanana mno na kitakachokuokoa ni jina la kata.

Vita vya Wafaransa na Wenyeji, ambavyo Uingereza na makoloni yake walipigana na Wafaransa na wenyeji waliowaunga mkono kuanzia 1754, viliacha nyaraka chache. Pennsylvania iliongozwa kwa muda mrefu na Waquaker, dhehebu la Kikristo linalokataa vita, na haikuwa na sheria ya kulazimisha watu kuwa wanamgambo. Wajerumani wengi hata hivyo waliandikishwa katika kikosi cha Royal American cha jeshi la Uingereza kuanzia 1756, na nyaraka za jeshi hilo ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London. Tangazo la mfalme la 1763 liliahidi ardhi kwa waliotumika: askari wa kawaida ekari 50, nahodha ekari 3,000. Mtu akionekana kupewa ekari 50 bila malipo miaka iliyofuata, jiulize kama hakuwa askari.

Mapinduzi ya Marekani, yaani vita vya kujitoa chini ya Uingereza, ndiyo yenye mavuno. Sheria ya Pennsylvania ya Machi 1777 iliwaingiza wanaume weupe wote wa miaka 18 hadi 53 kwenye kampuni za wanamgambo za eneo lao, zilizogawanywa makundi manane yaliyoitwa kwa zamu. Juni mwaka huohuo kikaja kiapo cha utii kwa jimbo. Kwa hiyo karibu kila mwanaume wa umri huo anapaswa kuonekana mahali: kwenye orodha ya kampuni, kwenye orodha ya kiapo, au kwenye orodha ya faini. Wamenoni na wenzao wasioshika silaha wako wengi kwenye faini, na faini nayo ni ushahidi mzuri wa mahali mtu alipoishi. Angalizo: kuwemo kwenye orodha ya kampuni hakumaanishi alipigana. Familia nyingi zina "shujaa wa Mapinduzi" ambaye kwa kweli jina lake liliorodheshwa tu, naye akabaki na ng'ombe wake.

Orodha hizi zimechapishwa katika mfululizo wa vitabu vya jimbo uitwao Pennsylvania Archives, hasa msururu wa tano na wa sita. Na hifadhi ya Harrisburg ina faharasa ya kadi za wanajeshi wa Mapinduzi. Anza na kadi.

Waliotumika jeshi la Bara, lililokuwa chini ya Congress (bunge la makoloni yote kwa pamoja), wako Idara ya Nyaraka za Taifa, NARA, Washington. Kulikuwa hata na kikosi cha Wajerumani watupu, kilichoundwa 1776 kutoka Pennsylvania na Maryland. Kadi za utumishi za NARA ni kavu: cheo, kampuni, mwezi, yupo au hayupo. Faili la pensheni ndilo lenye maneno ya mtu.

Sheria ya 1818 iliwapa pensheni waliotumika jeshi la Bara na ambao ni maskini, na 1820 wakatakiwa kuorodhesha mali zao zote. Hapo utamkuta mzee anataja mahakamani ng'ombe mmoja, chungu kimoja na kitanda kibovu. Sheria ya 1832 ikawaingiza wanamgambo waliotumika angalau miezi sita. Mwombaji wa 1832 alisimama mbele ya hakimu akaulizwa maswali maalumu: Ulizaliwa wapi na mwaka gani? Una kumbukumbu ya umri wako, na iko wapi? Uliishi wapi ulipoitwa, na umeishi wapi tangu hapo? Uliitwa kwa lazima, ulijitolea, au ulikwenda badala ya mwingine? Ni maswali ambayo wewe mwenyewe ungetamani kumuuliza, na majibu yameandikwa.

Wajane walipata haki kuanzia 1836 na iliwabidi kuthibitisha ndoa. Wakachana kurasa za Biblia za familia wakazituma Washington. Wajane wa Kijerumani walituma vyeti vya ubatizo vilivyochorwa kwa mkono kwa rangi, ndege na maua pembezoni, vikitaja wazazi, tarehe na wadhamini. NARA bado inavyo. Fikiria mama mzee akitoa karatasi hiyo ukutani, akiikunja na kuikabidhi kwa wakili, asijue kama ataiona tena.

Tano, kuomba faili la pensheni

Usilipe kabla hujatafuta. Mafaili ya pensheni ya Mapinduzi yamepigwa picha, mkusanyo M804, na yanapatikana bure kwenye katalogi ya mtandaoni ya NARA. FamilySearch, tovuti ya nasaba, nayo ni bure. Ukihitaji nakala rasmi, pensheni na ardhi ya fidia (ardhi waliyopewa askari kwa utumishi wao) huombwa kwa fomu NATF 85, kadi za utumishi kwa NATF 86, na zote unaweza kuagiza mtandaoni hata ukiwa Mombasa, mradi una kadi ya benki inayokubali malipo ya nje. Jaza jina la askari, vita, jimbo alilotumikia na kikosi kama unakijua. Jina la mke weka, kwa sababu faili linaweza kuwa limefunguliwa kwa jina lake. Ukipewa nafasi ya kuchagua, omba faili zima. Karatasi "zilizochaguliwa" huchaguliwa na mtu asiyejua unachotafuta.

Kwenye faharasa utaona herufi kabla ya namba. S ni askari aliyeomba mwenyewe, W ni mjane, R ni ombi lililokataliwa, BLWt ni ardhi ya fidia, ambayo kwa askari wa kawaida ilikuwa ekari 100. Usiidharau R. Aliyekataliwa alirudi na mashahidi wapya, majirani na ndugu, hadi faili likanenepa kuliko la aliyekubaliwa. Kwa upande mwingine, moto wa ofisi ya vita tarehe 8 Novemba 1800 uliteketeza maombi ya awali, kwa hiyo aliyeomba na kufa kabla ya hapo huenda asipatikane Washington. Huyo mtafute kwenye nyaraka za jimbo, ikiwemo ardhi ya zawadi ambayo Pennsylvania iliwagawia askari wake upande wa magharibi, ekari 200 kwa askari wa kawaida.

Na kama hadithi ya ukoo inasema babu "alikuja na jeshi", pengine alikuja na jeshi la upande mwingine. Uingereza ilikodi askari wa Kijerumani wapatao 30,000, wanaoitwa kwa jumla Wahessen, na maelfu wakabaki Marekani. Wengi walishikiliwa kama mateka Lancaster na Reading, katikati ya watu waliozungumza lugha yao. Huyo hutamwona kwenye ardhi kabla ya vita. Ulizia Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo la Hessen iliyoko Marburg.

Sita, sasa meli

Kuanzia Septemba 1727 kila mwanaume mgeni wa miaka 16 na zaidi aliyeshuka Philadelphia aliapa utii kwa mfalme. Orodha hizo, za meli zaidi ya 300 hadi 1775, zilichapishwa 1934 na Strassburger na Hinke. Wanawake na watoto hawamo kwa kawaida. Meli nyingi zina hadi orodha tatu: ya nahodha, iliyoandikwa kwa masikio ya Kiingereza, na mbili za viapo ambazo wanaume waliojua kuandika walitia sahihi wenyewe. Tafuta toleo lenye picha za sahihi. Ziweke kando ya sahihi ya kwenye wosia uliouomba kaunti. Mkono ukifanana, umempata. Kisha soma majina ya juu na chini yake. Ukiwakuta majirani wa ile ramani ya upimaji wamesafiri naye, huhitaji bahati nyingine.

Kinachobaki ni kijiji. Orodha za Philadelphia mara chache hukitaja, ila vitabu vya kanisa la Kilutheri na la Reformed (Waprotestanti wa mkondo wa Calvin) vya kaunti yake huenda vikakitaja, hasa kwenye mazishi. Ukipata jina la parokia, tovuti ya Archion ina picha za vitabu vya makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Ujerumani kwa kulipia muda wa matumizi. Jifunze kwanza kusoma mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ndipo ulipie, kwa sababu siku zako zinaanza kuhesabiwa papo hapo.